Jinsi ya Kuonyesha Video ya Matanga na Bado Ukaandaliwa Chakula

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepanda basi la usiku kutoka Nairobi, laptopu mgongoni, na ndani ya laptopu mna video ya matanga ya dani, yaani nyanya yako, saa tatu na ushei, na umekwisha kuwaahidi watu kwa simu kwamba Jumamosi jioni boma zima litaitazama kwenye TV. Usome kabla hujafika Rongo. Pale njia hugawanyika: wa Homa Bay hukata kuelekea Rodi Kopany, wa Migori huendelea na Awendo. Aibu inayowangoja huko mbele ni moja.

La kwanza ni la mdomo. Usiseme "ni kuchomeka tu." Ukisema hivyo mbele ya baba mdogo, atavuta kiti chake saa kumi na mbili kamili, aweke fimbo katikati ya magoti, na kila dakika itakayopita kuanzia hapo itakuwa deni lako. Sema, "Jaduong', tutajaribu." Fundi wa TV sokoni, mtu aliyeanza kazi enzi za Great Wall nyeusi-nyeupe zilizotumia betri ya gari, husema "tutajaribu" hata anapobadilisha plagi. Hakuna anayemzomea.

Ukipiga simu kuuliza TV ya nyumbani ni ya aina gani, utajibiwa kwamba ni kubwa. Ukiuliza tena utaambiwa ni nyeusi. Usichoke. Omba mtoto mmoja aigeuze, aipige picha mgongoni, akutumie. Ukiona matundu matatu tu, la njano, jeupe na jekundu, hiyo ni TV ya kizamani: njano ni picha, mengine mawili ni sauti ya kushoto na kulia. Ukiona tundu bapa lililokatwa pembe mbili za chini, hilo ni la HDMI, nawe una bahati. Lile la bluu lenye vijitundu kumi na tano ni VGA, kiunganishi cha mwaka 1987 kinachobeba picha bila sauti. Ukitumia hicho peke yake utapata mazishi yasiyo na kilio, na hakuna Mjaluo atakayekubali kwamba hayo yalikuwa mazishi.

Sasa waya. Katika maduka ya vifaa vya simu, yale yaliyobanana kando ya barabara kuu Migori mjini na kwingineko hadi Oyugis, unaweza kuuziwa waya mmoja mzuri sana: upande huu kichwa cha HDMI, upande ule vichwa vitatu vya rangi. Unang'aa, bei yake ni ya huruma, na haufanyi kazi. HDMI hutoa picha kwa tarakimu, ilhali matundu ya rangi yanangoja mawimbi ya analojia, na waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa jingine hata ukiombewa na askofu. Kinachogeuza ni kijisanduku chenye saketi ndani, nacho huhitaji umeme wake mwenyewe, kwa kawaida kupitia USB. Muuzaji hana nia mbaya. Yeye anauza waya. Matokeo hayamo kwenye risiti. Muulize swali moja tu: "Hiki kinakula umeme wapi?" Kama hakili popote, kirudishe mezani.

Waya huo una ndugu yake mbaya zaidi, waya wa USB wenye vichwa vya kiume pande zote mbili. Mgeni huwaza: laptopu ina tundu la USB, TV ina tundu la USB, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba yote mawili ni ya kutoa umeme. Kila moja linasukuma volti 5 na kila moja limezoea kuwa mwenye nyumba. Picha haitapita hata moja. Kinachoweza kupita ni moshi.

Ndiyo maana nasema laptopu ibaki kwenye begi. Njia ya wenye akili ni flashi. Na hapa lazima nikitetee king'amuzi, kifaa kilichotukanwa kuliko kingine chochote nchini. Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwanzoni mwa 2015, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni mwaka huo, watu walilalamika kwamba wamelazimishwa kununua sanduku la pili ili TV ileile iwaonyeshe wanasiasa walewale. Malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini mfumo uliochaguliwa ulikuwa DVB-T2 wenye picha za MPEG-4, maana yake kila king'amuzi cha mfumo huo kilibidi kiwe na chipu inayofumbua picha za H.264. Watengenezaji wengi, wakiwa na chipu hiyo tayari, wakaongeza tundu la USB. Kwa hivyo ile TV nene ya miaka ya tisini, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu, ilipata uwezo wa kucheza video za flashi bila mtu yeyote kutangaza habari hizo. Sanduku lililochukiwa ndilo litakalokuokoa Jumamosi. Lijaribu mapema tu, maana katika mengine tundu hilo liliwekwa kwa ajili ya kusasisha programu na halichezi kitu.

Flashi yenyewe ina masharti. Usinunue ile kubwa kuliko zote dukani kwa ajili ya kujionyesha. Flashi kubwa mara nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa exFAT, na ving'amuzi vingi na TV za zamani vikiiona hiyo hunyamaza kama hakuna kitu. Chukua ya GB 16 au 32, uipange upya kwa FAT32. FAT32 nayo haikubali faili linalofikia GB 4, hivyo video ya saa tatu yenye picha safi itabidi uivunje vipande. Vipe vipande majina 01, 02, 03 na kuendelea. Usiandike 1, 2, 3, kwa kuwa vifaa vingi hupanga majina kwa herufi, na ukifika vipande kumi, baada ya 1 itakuja 10: mwili utashushwa kaburini kabla haujatoka mochari, na mama mmoja nyuma atauliza kwa sauti kama hivyo ndivyo mnavyozikana Nairobi siku hizi.

Flashi hiyo usiipitishe saiba. Kompyuta za saiba zina kirusi kimoja kikongwe kinachoficha mafaili yako yote na kuacha vijinjia vya mkato vya kilobaiti moja au mbili. Ukiona hivyo usilie na usibofye. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta iliyo safi, nenda kwenye flashi, andika attrib -h -r -s /s /d, kisha ufute vijinjia. Watoto wakikuona ukiandika herufi nyeupe kwenye kioo cheusi watakuheshimu kwa muda. Tumia muda huo vizuri.

Tuje kwenye jambo linaloua wengi. Utasema: faili langu ni MP4, na TV imeandikwa inakubali MP4. MP4 ni gunia. Jina la nje halikuambii kama ndani mna mahindi au wimbi, na TV inaweza kusaga kimoja ikashindwa na kingine. Tangu 2017, iPhone mpya hurekodi kwa H.265, mtindo unaobana picha zaidi na kuokoa nafasi kwenye simu. Binamu yako wa Marekani, aliyekuja kwa siku nne na kurekodi kila kitu isipokuwa kuchimba kaburi, amekuachia magunia ya H.265. King'amuzi cha 2015 hakijawahi kusikia habari hizo. Kitaandika kwamba faili halikubaliki, au kitatoa sauti ya kwaya juu ya kioo cheusi, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu watu watasubiri wakidhani ndio mwanzo. Kinyume chake pia hutokea: picha ipo, midomo inacheza, sauti hakuna. Hapo picha ni sawa ila sauti imefungwa kwa AC3 au DTS.

Dawa ni programu ya bure iitwayo HandBrake. Iambie itoe MP4, picha H.264, sauti AAC, ukubwa wa 720 unatosha kabisa kwa sebule ya nyumbani. Hata kama mpiga video alikupa DVD yenye mafaili ya VOB yaliyokatwakatwa, itayaunganisha. Fanya kazi hiyo Nairobi, usiku, laptopu ikiwa kwenye umeme. Laptopu kuukuu inaweza kuchukua muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe, na mtu anayeanza kubadilisha faili saa kumi na moja jioni katika boma la Karungu ameamua kwa hiari yake kuwa kichekesho.

Ukiwa hapo kwenye HandBrake, geuza zile video za wima. Simu iliyosimamishwa haigeuzi picha inaporekodi. Huacha tu maagizo ndani ya faili kwamba mwonyeshaji aigeuze. Simu nyingine hutii maagizo hayo. TV nyingi za zamani hazitii. Mtu aliyerekodi sherehe za Madaraka za 1 Juni 2025 pale uwanja wa Raila Odinga, Homa Bay, simu ikiwa wima, anaweza kumlaza Rais, jeshi na bendi ya polisi kwa ubavu, na jamaa wote wakatazama gwaride shingo zikiwa zimepinda upande mmoja.

Kanda za VHS sitazigusa sana. Kama mna kanda ya harusi ya 1993 chini ya kitanda, hewa ya ziwa huenda imeiotesha ukungu. Usiichomeke kwenye mashine yoyote kabla haijasafishwa. Kuihamishia kwenye kompyuta huchukua saa zilezile za kanda, haina njia ya mkato. Na ile iliyotumwa kutoka Marekani imerekodiwa kwa mfumo wa NTSC, wakati mashine zetu ni za PAL. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Wapo watakaopuuza yote haya na kuunganisha laptopu kwa HDMI, kwa kuwa TV ni mpya na waya wanao. Inafanya kazi, sikatai. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, uchague kurudufu kioo. Ukichagua kukirefusha, TV itaonyesha mandhari matupu na video itabaki kwenye laptopu, nawe utabonyeza kila kitu huku watu wakitazama picha ya mlima. Rimoti uiweke kwenye HDMI ileile uliyochomeka, kwani 1 na 2 hazisaidiani. Sauti ikitokea kwenye laptopu, bofya alama ya spika uchague TV.

Lakini elewa unachofanya. Kurudufu kioo ni kurudufu maisha yako. Kila faili lililo mezani mwa laptopu litasomwa na shangazi aliyestaafu ualimu, ambaye husoma haraka. Zima WhatsApp ya kompyuta. Funga barua pepe. Lile folda uliloliita "Plot Kitengela" lihamishe, maana tangu mwaka jana umekuwa ukisema huna pesa ya kuezeka jiko la mama. Nimesikia watu wakilaumu HDMI kwa ugomvi ambao kwa kweli uliletwa na ujumbe mmoja uliojitokeza pembeni chini kulia.

Umbo la picha nalo ni siasa. Video za kamera za zamani zilikuwa karibu na mraba. TV bapa huzivuta zijaze kioo, kila mtu akanenepa. Acha hivyo. Katika mabonde yetu kuambiwa kwamba umenona si tusi, na wazee wawili wataomba nakala. Kinachohitaji kurekebishwa ni TV kukata kingo za picha. Tafuta kwenye rimoti sehemu ya ukubwa wa picha mpaka ionekane yote, kwa sababu aliyekatwa ukingoni huwa ni mtu aliyetoa mchango mkubwa, na hataamini kwamba ni mashine.

Na usilete video iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa miaka mingi WhatsApp ilizibana video hadi MB 16. Kwenye simu uso wa dani unaonekana, kwenye TV ya inchi 43 unakuwa vigae. Aliye na nakala ya asili akutumie kama hati, si kama video, au akupe kadi ya memori mkononi.

Haya, tuseme picha imetokea, sauti inasikika, watu wana rangi zao. Hapo ndipo hatari yenyewe inaanza, maana hakuna anayetazama video ya matanga ili kumwona marehemu. Marehemu wanamjua. Kila mtu anajitafuta mwenyewe. Mpiga video alilipwa na kijana wa nyumba ya kwanza, kwa hiyo kamera ilipiga kambi kwenye hema la nyumba ya kwanza tangu asubuhi. Nyumba ya pili inaonekana mara chache, na kila mara imebeba sufuria. Wakwe waliokuja na ng'ombe wanaonekana, ng'ombe haonekani, na hilo litazungumzwa. Yule mheshimiwa aliyefika saa nane na kuondoka kabla ya saa tisa amepewa dakika arobaini za video, pamoja na gari lake likiingia, likigeuza na likitoka.

Halafu kuna ahadi. Matanga ndipo watu wanaposhika kipaza sauti na kutoa mambo: huyu atalipa karo ya mayatima, yule atajengea kaburi vigae, mwingine atatoa mtamba kwa ajili ya mjane. Umati hupiga makofi na kusahau. Video haisahau. Na baba mdogo, aliyeketi pale mbele na fimbo yake, alisema wazi, akarudia mara mbili kwa msisitizo, habari za mtamba ambaye hadi leo hajaonekana kwenye boma la mjane.

Kwa hivyo tazama video yote peke yako kwanza, vidude vya masikioni vikiwa masikioni. Ukiikata hotuba hiyo utaulizwa umeikata kwa nini. Ukiiacha utaulizwa umeileta kwa nini. Ushauri wangu ni kuitumia FAT32. Kikomo cha GB 4 kimekupa sababu ya kitaalamu ya kugawa video unavyotaka. Nyimbo za kina mama na ibada ziwe mwanzo, mheshimiwa katikati watu wanapokula, na hotuba ya mtamba iangukie faili la mwisho kabisa, saa ambayo watoto wamelala, wageni wameaga, na stima ina nafasi nzuri ya kupotea.

Kuhusu stima usiwe na kiburi. Nunua tokeni mapema. Kama mawingu yamefunga upande wa ziwa, chomoa eria na plagi. Ukanda huu una radi kuliko sehemu nyingi za bara hili, na king'amuzi hakipigani na radi. Kama TV ni ile ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, za M-KOPA na wenzake, ikijizima ghafla usianze kufungua waya. Uliza kwanza, kwa upole na faraghani, kama malipo ya leo yamekwenda. Na Mbita au Rusinga usithubutu kuitoa TV uwanjani usiku kwa kisingizio cha wingi wa watu. Wale wadudu wadogo wa ziwa hupenda mwanga kuliko mtu yeyote, watafunika kioo chote, na utakuwa umewaonyesha wazee wadudu. Anayevuka kwa boti kwenda Mfangano abebe kila waya maradufu. Alichosahau Mbita hakitajileta.

La mwisho, nunua flashi mbili. Moja itabaki nyumbani, upende usipende, na ikifika Pasaka itakuwa imejazwa nyimbo za ohangla juu ya ibada ya mazishi. Ile ya pili weka Nairobi, na usimwambie mtu kwamba unayo.